Tendo na Tabia katika Kiswahili cha Makosa ya Jinai: Mifano ya Tanga na Mrima wa Kaskazini

Mahakama za mwanzo za Tanganyika zilipoanza kazi mwaka 1964, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka mmoja kabla yake, lugha yake ilikuwa Kiswahili. Mshtakiwa aliyeletwa mbele ya hakimu katika mji wa Tanga, Pangani au Muheza alisomewa shtaka kwa lugha anayoielewa, akajibu kwa lugha hiyo, na wazee wa baraza wakatoa shauri lao kwa lugha hiyo. Lakini Kanuni ya Adhabu, ambayo ndiyo iliyolifanya tendo lake kuwa kosa, ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza tangu 1930. Kati ya kifungu na mshtakiwa palisimama fasiri ambayo haikupita Bungeni wala mikononi mwa mjuzi wa lugha yeyote. Ilifanywa na polisi aliyeandika hati, na karani aliyeisoma, na hakimu aliyeifafanua. Fasiri hiyo ya mdomo imeishi zaidi ya nusu karne, na katika maisha hayo imezaa msamiati wake, ambao leo kila msomaji wa magazeti anaujua: uzururaji, lugha ya matusi, uvunjifu wa amani, vitendo vya aibu.

Msamiati huo haukupata kuchunguzwa kwa kadiri unavyostahili. Miaka ya 1960 A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria mjini Dar es Salaam, alishughulika na matatizo ya kuiweka sheria katika Kiswahili, na kazi ya kukusanya istilahi ikaendelea baada yake. Lakini wakusanyaji wa istilahi walivutwa zaidi na maneno makubwa, kama vile mkataba, dhamana, ushahidi na rufani. Makosa madogo ya barabarani yaliachiwa watu wa barabarani. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania, kwa Sheria Na. 1 ya mwaka huo, lilitamka kuwa Kiswahili ndicho kitakuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kwa tamko hilo maneno ya karani yamekaribishwa kuingia katika kitabu cha sheria chenyewe. Ndiyo sababu yafaa yapimwe kabla hayajakauka katika wino. Ubaya wake, kwa kifupi, ni kwamba yanamtaja mtu alivyo pale ambapo sheria ilipaswa kutaja alichotenda.

Haki ya Kiswahili yataka isemwe kwanza kwamba ubaya huo haukuzaliwa Tanga. Kabla ya 1930 Tanganyika ilitumia kanuni ya jinai ya Bara Hindi. Kanuni iliyoipokea nafasi yake ilikuwa na ukoo mrefu, uliopitia Nigeria mpaka kwenye kanuni aliyoiandika Samuel Griffith kwa ajili ya Queensland, iliyopitishwa mwaka 1899. Lakini vifungu viwili vinavyojulikana kwa hesabu iliyozoeleka kama kifungu cha 176 na cha 177 vina damu ya zamani zaidi, yaani sheria ya Uingereza ya 1824 dhidi ya watu wasio na makao. Sheria hiyo iliwapanga watu katika madaraja matatu: wavivu wasio na utaratibu, kisha walaghai watembezi, kisha walaghai walioshindikana. Tanganyika ilirithi madaraja mawili ya kwanza. Na namna ya kuandika ni ile ile ya 1824: kifungu hutaja mambo mbalimbali, kama kuomba sadaka njiani, kucheza kamari mahali pa watu, au kukutwa karibu na jengo wakati usiofaa, kisha hutamka kwamba mwenye kufanya lolote katika hayo atahesabiwa kuwa mtu wa namna fulani. Kosa lenyewe, basi, ni kuhesabiwa. Tendo ni ushahidi tu wa tabia.

Mfasiri wa kifungu kama hicho ana njia mbili. Aweza kuyafuata matendo, moja baada ya moja, na kuliacha lile jina la mwisho lififie. Au aweza kulichukua jina na kuyaacha matendo. Fasiri ya mdomo imeshika njia ya pili, na jina ililolichagua ni mzururaji.

Kitenzi zurura kina sifa moja ambayo huonekana wazi kikiwekwa kando ya kitenzi zuru. Mtu huzuru kaburi, huzuru wagonjwa, huzuru Mombasa. Kitenzi hicho hakitulii mpaka kipewe anayeendewa. Zurura hakina shamirisho wala mwisho wa safari. Huzururwa mjini au mitaani, lakini mahali hapo ni pa kuzungukia tu, si pa kufikia. Kuna vingine vya jamii hiyo: randa, tangatanga, na chenyewe tanga, ambacho kwa bahati ya lugha hutamkwa sawasawa na jina la mji unaozungumzwa hapa. (Wenyeji wana maelezo yao juu ya jina la mji, na wengi wao wangependa litoke katika tanga la chombo kuliko katika kutanga kwa miguu.) Msemaji akisema kwamba fulani anazurura, hasemi alikokwenda fulani, anasema kwamba yeye msemaji haoni fulani anakwenda wapi. Kitenzi chabeba ujinga wa mtazamaji na kumtwika anayetazamwa. Katika mazungumzo hilo halidhuru. Mama humwambia mwanawe asizurure, na mtoto hucheka. Katika hati ya mashtaka ni jambo jingine, kwa sababu upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha, na kitenzi hiki kinamwondolea mzigo huo: ukosefu wa maelezo umekuwa ndio maelezo.

Mwisho wa neno huongeza uzito. Wanasarufi, tangu Ashton alipotoa sarufi yake mwaka 1944, wamefundisha kwamba jina la mtendaji lenye kiambishi -ji humtaja mwenye kutenda kwa mazoea: msomaji, mwindaji, mchezaji. Aliyekwenda porini mara moja na kurudi na paa hajawa mwindaji. Lakini aliyekutwa usiku mmoja karibu na ghala huwa mzururaji papo hapo, na kosa lake huwa uzururaji, yaani ile hali ya kuwa mtu wa namna hiyo. Mtu aweza kujibu kwamba wizi nao umeumbwa kutokana na mwizi. Ni kweli kwa umbo, lakini wizi una kitu kilichoibwa, na kitu hicho huletwa mahakamani au husemwa bei yake. Uzururaji hauna cha kuletwa ila mshtakiwa mwenyewe.

Hapa yafaa kuutazama mji. Ngamiani, mtaa wa Tanga ambao barabara zake huitwa kwa namba, ulijengwa kwa nyumba zenye baraza mbele, na juu ya baraza hizo watu wamekaa magharibi baada ya magharibi bila kazi inayoonekana. Kiswahili cha pwani kina kitenzi cha tendo hilo, nacho ni kubarizi. Kamusi hukieleza kwa maneno ya kupunga upepo na kuzungumza, na mtu mzima asiyebarizi na wenzake huhesabiwa kuwa ana jambo moyoni. Tendo la nje ni lile lile moja: kuwapo mahali pa watu, bila haraka, bila shughuli iliyo dhahiri. Likitendwa na mwenye nyumba, au na mzee ajulikanaye mtaani, ni kubarizi. Likitendwa na kijana aliyekuja jana kutoka Handeni au Lushoto, ni kuzurura. Kinachotofautisha ni kujulikana. Tena ni baraza hiyo hiyo iliyotoa jina la mahali pa kuhukumiwa. Tangu siku za maliwali mahakama za wenyeji ziliitwa baraza, na wazee wanaokaa na hakimu wa mahakama ya mwanzo huitwa wazee wa baraza mpaka leo. Neno moja laitaja mahali pa kukaa bila shughuli na mahali pa kumwuliza mwenzako alikuwa na shughuli gani.

Kwa nini kijana wa Handeni alitazamwa hivyo? Jibu liko mashambani. Mwaka 1893 Richard Hindorf alipata kuleta miche ya mkonge kutoka Florida. Miche 62 ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huo huo ilianza kujengwa reli kutoka bandari ya Tanga. Katika muda wa miaka michache nchi yote kati ya pwani na milima ya Usambara ilitaka mikono kuliko ilivyokuwa nayo, na mikono ikatafutwa mbali. Walioletwa kwa mikataba waliitwa manamba, kwa kuwa walihesabiwa kwa namba, na siku zao za kazi ziliandikwa katika kipande. Lugha ya shamba ilikuwa na majina mawili tu ya mtu mwenye afya: aliye kazini, na mtoro. Hili la pili ni la zamani kuliko mkonge. Lilikuwa jina la mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na watoro wa bonde la Pangani walikuwapo kabla Mdachi hajatia nanga. Jina la mtumwa aliyekimbia lilipohamia kwa mfanyakazi aliyeuacha mkataba, lilihama na hukumu yake. Mzururaji wa mjini ni jirani wa maana wa mtoro wa shamba: ni mtu mwenye mikono ambayo haijulikani iko chini ya nani.

Ushahidi kwamba maana hiyo haikufa na ukoloni ni Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983. Serikali ya nchi huru, ikiwa na nia ya kumpa kila mtu kazi, iliwakamata watu mijini na kuwapeleka mashambani, na neno lililotumika barazani na magazetini kwa waliokamatwa lilikuwa lile lile. Jambo la kupendeza kwa mchunguzi wa maneno ni kwamba wenye biashara ndogo ndogo walipewa leseni, na leseni hiyo ikaitwa nguvukazi. Kwa hiyo nguvukazi ikawa karatasi ya kumthibitishia mtu kwamba si mzururaji, kama kipande kilivyokuwa karatasi ya kumthibitishia mtu kwamba si mtoro. Tume iliyoongozwa na Jaji Francis Nyalali, ilipotoa ripoti yake baada ya miaka isiyozidi kumi, iliitaja sheria hiyo miongoni mwa sheria 40 zilizohitaji kutazamwa upya.

Mahakama za Afrika zimekwisha kulisema jambo hili kwa lugha ya sheria. Malawi, mwaka 2017, Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu kilicho ndugu wa kifungu cha 177. Uganda, Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ilifanya vivyo hivyo. Na karibu zaidi, mjini Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni yake tarehe 4 Desemba 2020, kwa ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika, kwamba sheria za namna hii hazipatani na Mkataba wa Afrika. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni ya kilugha hasa: kwamba majina haya ya watu ni ya kudhalilisha na ni masalio ya mtazamo wa kikoloni. Majaji walikuwa na maneno ya Kiingereza mbele yao. Wangalikuwa na neno la Kiswahili wangaliona kwamba fasiri haikupunguza kitu.

Kosa la pili latofautiana na la kwanza kwa kuwa hapa sheria ya Kiingereza ilikuwa bora kuliko fasiri yake. Kifungu cha 89 kinamkataza mtu kutumia lugha chafu au ya kutukana kwa mtu mwingine kwa namna ambayo yaelekea kuleta ugomvi. Kuna mambo mawili ndani yake, na la pili ndilo uti wa mgongo: haitoshi neno kuwa baya, ni lazima namna ya kulisema iwe ya kuchokoza. Fasiri ya mdomo imekifupisha kifungu chote kuwa kutumia lugha ya matusi. Uti wa mgongo umeondolewa, ikabaki nyama.

Hasara ya ufupisho huo haionekani mpaka mtu aujue ufundi wa pwani katika jambo hili. Kiswahili cha Mrima kina safu ndefu ya majina kati ya neno zuri na tusi: utani, mzaha, kebehi, kijembe, masimango, mpasho, fumbo, kashifa, tukano. Hayo si majina tofauti ya kitu kimoja. Kashifa hufunua siri ya kweli. Masimango hukumbusha fadhila iliyotendwa. Tusi hutaja mwili au mama. Fumbo halitaji kitu, nalo laweza kuumiza kuliko yote.

Utani waonyesha upande mmoja wa jambo. Kati ya Wanyamwezi na watu wa pwani, ambao waliunganishwa na safari za misafara, kuna desturi ya watani kutukanana wazi wazi, hata matangani, mbele ya maiti na wafiwa. Maneno hayo yakiandikwa katika hati ya mashtaka na kusomwa na karani asiyejua nani alimwambia nani, ni matusi bila shaka yoyote. Mtu hawezi kuyasoma kwa sauti mbele ya watoto. Hata hivyo hayakuleta ugomvi. Yaliletwa ili kuuondoa, kwa maana mfiwa aliyetukanwa na mtani wake hana budi kucheka. Kifungu kama kilivyoandikwa kinamwachilia mtani huyo. Fasiri inamtia hatiani.

Fumbo laonyesha upande wa pili. Vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilishindana katika miji ya pwani kwa nyimbo ambazo mgeni angezisikia kuwa za kusifu meli au mavazi, na mpinzani alijua kila ubeti unampiga nani. Kwa sababu ya mashindano kama hayo serikali ilitaka kila ngoma iwe na kibali. Baada ya beni taarabu ilirithi kazi hiyo. Tanga ya miaka ya 1960 na 1970, yenye Black Star na Lucky Star, ilijulikana pwani nzima, na wasikilizaji wake walikuwa hodari wa kumtafuta mlengwa. Mwanamke aliyeinuka kwenda kumtunza mwimbaji, akapita mbele ya jirani yake taratibu wakati ubeti fulani unaimbwa, amekwisha kusema alilotaka bila kufungua kinywa. Wala hahitaji wimbo: jina la kanga alilolichagua asubuhi latosha. Ugomvi ukizuka hapo, na hutokea ukazuka, lugha ya matusi itatafutwa wapi? Hakuna tusi lililotamkwa. Iko namna ya kuchokoza tu, ambayo ndiyo fasiri iliyoitupa.

Haisemwi hapa kwamba fumbo lipelekwe mahakamani. Mahakama itakayojaribu kusikiliza mashtaka juu ya majina ya kanga haitafunga kazi kabla ya Idi. Kinachosemwa ni kwamba mpaka wa kosa umechorwa na neno tusi mahali ambapo desturi ya lugha haiuchori, na kwamba matokeo yake huwaangukia watu kwa namna isiyo sawa. Mjuzi wa mafumbo hapatikani na kosa, mwenye ulimi mzito asiyejua kufumba hupatikana. Kwa kawaida huyo wa pili ni mgeni, au maskini, au mlevi.

Neno la tatu, uvunjifu wa amani, laweza kupitishwa haraka kidogo, ijapokuwa ndilo linalosikika kuliko yote. Viambishi vya namna ya -fu kwa asili huonyesha hali au sifa: -sahaulifu, -pungufu, -kamilifu. Mvunjifu ni mtu mwenye tabia ya kuvunja, na uvunjifu ni tabia hiyo. Tendo la kuvunja ni uvunjaji, na ndivyo isemwavyo nyumba inapovunjwa usiku. Mtu ataleta mifano ya kupinga, kama uharibifu na udanganyifu, ambayo hutumika kwa tendo pia, na mifano hiyo ni ya haki; lugha haikuapa kufuata kanuni. Lakini uharibifu haukuwa na mshindani, na uvunjifu unaye. Wasemaji wanayo maneno mawili na wameyagawa kazi: uvunjaji kwa nyumba na kufuli, uvunjifu kwa amani na maadili, na karibu halisikiki kwingine. Pale kitu kilichovunjika chaweza kuonyeshwa kwa kidole, lugha imetumia jina la tendo. Pale hakiwezi kuonyeshwa, imetumia jina la tabia.

Na amani yenyewe? Ile ya sheria ya Kiingereza ilikuwa kwa asili amani ya mfalme, iliyofika mpaka mlangoni mwa kila nyumba. Amani ya Kiswahili ni kinyume cha vita. Majirani wawili wakigombana kisimani, mswahili atasema utulivu umeharibika, au ujirani umeingia doa. Akisema amani imevunjika amezikuza habari. Hati ya mashtaka hukuza kila siku. Mkusanyiko wa watu ishirini na mkutano wa siasa na ugomvi wa walevi wawili huletwa chini ya jina moja lenye harufu ya baruti, na aliyeshtakiwa kwa jina hilo huonekana adui kabla hajasema lake.

Juu ya makosa ya maadili yatosha kutaja jambo moja. Kiswahili kina mzinzi na mwasherati, maneno yasiyouliza jinsia ya mtu. Hati za mashtaka ya barabarani zimeyaacha na kuchukua kahaba, ambalo katika masikio ya Tanga ni mwanamke, na ambalo, kama mzururaji, ni jina la kudumu. Aliyemwendea hana jina katika hati. Upungufu huo haupo katika lugha, upo katika uchaguzi.

Kama mtu atauliza iwapo Kiswahili chaweza kuandika shtaka la namna nyingine, jibu liko katika kitabu kilichoandikwa na mwana wa Tanga. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na mwaka aliotoa Kusadikika, 1951, alikuwa mtumishi katika mji wa Tanga wenyewe. Lugha ya ofisi hakuijua kwa kusimuliwa. Kisa chake ni cha kesi ya utulivu wa nchi tangu mwanzo hata mwisho. Karama hakuiba wala hakuua; anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kuwa anawafundisha watu sheria. Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hiki kama fumbo la ukoloni, na hawakukosea, lakini kwa kulifuata fumbo wamepita juu ya namna utetezi ulivyopangwa. Shtaka lamtaka Karama ajieleze alivyo, kama ni mwema au ni hatari. Yeye anakataa mlango huo. Kwa siku mfululizo anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali: walikwenda, waliona, walirudi, walisema, walifungwa. Msingi wa utetezi wote ni matendo yaliyotendwa kwa mpangilio wa wakati, na mwisho wake si Karama peke yake anayeachiliwa, bali na wale waliofungwa kabla yake. Majivuno anaishi katika majina ya sifa, hata jina lake mwenyewe. Karama anaishi katika vitenzi.

Kitabu hicho kina udhaifu wake, na mojawapo ni kwamba wahusika wote wamepewa majina ya tabia, kwa hiyo mwandishi mwenyewe hakuikwepa kabisa desturi anayoipinga. Lakini kama mfano wa nathari ya mahakamani hakijapitwa, na inashangaza kwamba wafasiri wa sheria hawakifungui.

Kwa fasiri iliyoandikwa, basi, kifungu cha 177 chaweza kusema: mtu atakayekutwa ndani ya jengo au karibu nalo, au barabarani, kwa wakati na katika hali inayoonyesha kwamba alikuwa hapo ili atende kosa, na kosa hilo litajwe. Maneno hayo ya mwisho hayamo katika Kiingereza. Yakiongezwa, mfasiri amevuka mpaka wa kazi yake. Yasipoongezwa, sentensi ya Kiswahili inabaki wazi kwa namna ambayo kila msomaji ataiona, na hilo pia lina faida, kwa kuwa jina mzururaji lilikuwa likilifunika tundu. Kifungu cha 89 chaweza kusema: kumwambia mtu neno la matusi au la kudhalilisha kwa namna inayoelekea kuzusha ugomvi. Hapo ugomvi unatosha. Amani iachiwe vifungu vya uasi na ghasia kubwa, na hapo nako iandikwe uvunjaji.

Wanasheria watapinga kwamba sentensi hizi ni ndefu, na kwamba daftari la mahakama lataka neno moja la kuandikwa katika safu ya kosa. Pingamizi hilo si dogo. Safu hiyo ni nyembamba, na hakimu wa mahakama ya mwanzo mwenye mashauri mengi kwa siku hawezi kunakili kifungu kizima kila mara. Lakini safu yaweza kuandikwa namba ya kifungu, kisha kitenzi: 89, alitukana akizusha ugomvi, 177, alikutwa ghalani usiku. Makarani wa bandari ya Tanga wameandika shehena kwa namna hiyo tangu siku za Wadachi, kitu na wingi wake na kilikotoka, na safu zao hazikuwa pana zaidi.